UZI: Kutibu familia na kiwewe hapa Tanga, na kwa nini siku hizi sitoi nasaha

#1 Asmini wa Makorora

Wakubwa shikamoo, wengine habari za jioni.

Juzi kwenye uzi mmoja wa ndoa kuna ndugu aliandika kwamba msaikolojia ni mtu anayelipwa kusikiliza umbea. Nilicheka, kisha usingizi ukaniruka. Ngoja niandike nilichonacho, anayetaka kusoma asome.

Niko Tanga mjini, nazunguka pia Muheza na Pangani. Nina miaka 14 kwenye kazi hizi, ukijumlisha na ile niliyokuwa afisa ustawi wa jamii. Natibu familia, na natibu watu waliopata kiwewe: ajali, kubakwa, kupigwa, moto, mtoto aliyeona maiti asiyotakiwa kuiona.

Njia yangu haikunyooka. Nilisoma Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, nikaajiriwa na halmashauri. Ofisi ya ustawi mnaijua: benchi nje, kina mama na watoto mgongoni, kesi za matunzo, baba kakimbilia Mombasa. Halafu ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla talaka haijafika mahakamani, kwa hiyo wengi waliofika mbele yetu walikuwa wamechoka zamani, wanataka karatasi tu. Mimi nikawa nawapa nasaha. Wallahi nilikuwa hodari. Nilikuwa na methali kuliko kungwi. Mke namwambia mvumilivu hula mbivu, mume namwambia mke si ngoma, wanaitikia, wanapeana mikono, nasaini. Baada ya miezi miwili yule mama anarudi na jino moja pungufu.

Jino lile ndilo lililonirudisha darasani. Nikaenda Muhimbili, chuo kikuu cha afya, shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Miaka miwili, mchana wodi ya magonjwa ya akili, usiku vitabu. Mitihani ni mitihani, inapita. Kilichonivua nguo ni usimamizi. Kila mwanafunzi ana msimamizi wake, unampelekea kesi zako, anazipekua kama mama mkwe anayekagua jiko. Wangu alikuwa mama mmoja mpole sana, upole ule wa kutisha. Alinitaka nirekodi kikao, kwa ridhaa ya mgonjwa, tukakisikiliza pamoja. Kikao cha dakika 50. Yeye kashika saa. Mwisho akasema, "Umeongea dakika 31. Mgonjwa alikuwa nani?"

Nililia kwenye daladala mpaka Mbagala.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni hicho. Masomo yote yale, na miaka iliyofuata, kwa sehemu kubwa ilikuwa kufundishwa kutotoa nasaha. Na jina letu lenyewe linatuponza. Watu wa rika langu mnakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya ANGAZA, kupima virusi vya UKIMWI, "unapewa ushauri nasaha kabla na baada". Tangu hapo mtu akisikia mnasihi anadhani ni dada wa kukuambia ufanye nini na majibu yako. Mpaka leo nikisema kazi yangu kuna wanaoniuliza kwa kunong'ona, "Kwani nawe unapima?"

Nitaendelea, naivisha futari hapa.

#2 Kange Stendi

Nimeweka kiti. Ila dada, kama hutoi ushauri unatoa nini sasa? Mtu alete hela yake umwangalie tu?

#3 Mzee wa Mkonge

Sisi migogoro iliisha kwa wazee chini ya mwembe. Hakuna aliyelipa. Haya mengine ni biashara za kileo.

#4 Asmini wa Makorora

Mzee wangu, shikamoo. Wazee wa chini ya mwembe nimewaibia mengi na sioni haya. Walijua kwamba ugomvi wa wawili huwa una watu saba ndani yake. Lakini hebu kumbuka chini ya mwembe nani hakuwepo. Mtoto hakuwepo. Na mke alisemewa na mjomba.

Tiba ya familia inaanzia hapohapo, kwenye nani amekaa wapi na nani anamsemea nani. Kuna daktari aliitwa Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, alifanya kazi na familia za kimaskini New York, kisha Philadelphia. Yeye hakumtazama mtoto mgonjwa peke yake. Alitazama nyumba ilivyopangika: nani anaamua, nani anamrukia nani, mtoto gani amekalishwa katikati ya baba na mama kama mto. Na alikuwa anawahamisha viti hivihivi. Mimi nahamisha watu kwenye jamvi. Usicheke. Mwambie bibi wa Kidigo asogee ili mkwe wake akae karibu na mumewe, uone kama hujafanya upasuaji.

Halafu kuna wale wa Milan, Italia, waliotufundisha swali la kuzunguka. Humuulizi mtu habari zake, unamuuliza habari za wengine wawili. Badala ya "Mama, una huzuni?" unamgeukia binti: "Mama akinyamaza, nani wa kwanza kugundua? Akigundua anafanya nini?" Hili kwa pwani yetu ni dawa. Mtoto hawezi kumsema baba yake usoni, adabu haimruhusu, na mimi sitaki aivunje. Lakini ukimuuliza nani anamtazama nani, atakujibu bila kumvunjia mtu heshima.

Na mchoro wa ukoo. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, aliyekufa anatiwa alama ya mkasi, ugomvi ni mstari wa kuparuza. Aliyelitia mkazo wazo la kutazama vizazi vitatu ni Murray Bowen, wa Marekani. Darasani tulichora familia ya baba, mama na watoto wawili, ukurasa ukabaki mtupu nusu. Nilipokuja kuchora ya kwanza Ngamiani, babu ana wake watatu, mmoja katalikiwa karudiwa, watoto wamelelewa na shangazi Pangani, karatasi iliisha nikageuza bango la uchaguzi.

Kange Stendi, umeuliza natoa nini. Natoa maswali, na natoa mahali ambapo kinachosemwa hakitoki. Mji huu wanauita waja leo waondoka leo, lakini habari zikija haziondoki.

#5 binti_chumbageni

Dada mimi nasoma saikolojia mwaka wa pili. Naomba utueleze upande wa kiwewe, darasani tunasoma vya Marekani tu.

#6 Kange Stendi

Na mfano mmoja wa kweli basi.

#7 Asmini wa Makorora

Mfano wa kweli siwezi, nimeapa. Hiki nitakachoandika nimekishona kutoka visa vitatu, nimebadili umri, kijiji na mengine. Akitokea mtu akasema "nawajua hawa", hawajui.

Kijana wa miaka 11, kijiji cha wavuvi. Kaletwa na bibi yake. Anakojoa kitandani, hataki pwani, darasani mlango ukibamizwa anaruka, na wenzake wameshagundua, wanapasua chupa za maji nyuma yake makusudi. Mwalimu anasema mtundu. Kwa mganga amepelekwa mara mbili, kisomo mara moja. Baba hana kiganja cha mkono wa kulia. Nikauliza, nikaambiwa injini ya boti.

Watu wa pwani mmeshaelewa. Na mimi nilielewa. Lakini nikajifanya sijaelewa, nikaona aibu kuigusa, na badala yake nikafanya nini? Nikatoa nasaha! Nilikuwa bado sijapona ugonjwa wangu. Msimpige, mtieni moyo, mwamsheni usiku akojoe, mkae naye mzungumze. Baba akasema, "Tumekuelewa, mwalimu." Ile "tumekuelewa" ya Tanga mnaijua. Miezi mitatu sikuwaona.

Nikampigia yule msimamizi wangu Dar. Mpaka leo namlipa, mwenye kazi hii asiyesimamiwa mwogope. Akanisikiliza, akauliza swali moja: "Nyumba ile inalinda nini?"

Inalinda baruti, bila shaka. Uvuvi wa mabomu ni kosa, mtu anaingia jela. Kwa hiyo kiganja kimeondoka, na habari ya kiganja haiwezi kusemwa, hata ndani, hata kwa kunong'ona, kwa sababu majirani wana masikio. Kijana alikuwa ndani ya mtumbwi siku ile, anakumba maji kwa upo. Njiani kwenda hospitali, baba yake damu inamtoka, akamwambia, "Ukiulizwa, sema injini." Ndiyo maneno ya mwisho ambayo wale wawili waliambizana juu ya jambo lile. Miaka miwili.

Nikaenda mwenyewe kwao. Nikasalimia, nikanywa uji wa bibi, nikakaa chini. Sikuuliza injini wala baruti. Kulikuwa na mdogo wake wa kike, miaka minane, ana meno mawili ya mbele yanaota. Nikamuuliza yeye: "Kukitokea mlio mkubwa hapa nyumbani, nani anamtazama nani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Bibi anamtazama kaka. Kaka anamtazama baba. Baba anaondoka."

Pakawa kimya mpaka nikasikia mbuzi wakitafuna. Kisha baba akauliza, akiwa ameangalia mlango, "Ukijua, utatupeleka polisi?" Nikamwambia ukweli wangu: mimi nalazimika kusema kama mtoto yuko hatarini, au mtu anataka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Kama mtoto anapandishwa tena kwenye mtumbwi wenye mabomu, sitakaa kimya, na Sheria ya Mtoto ya 2009 haimruhusu yeyote anayejua kukaa kimya. Yaliyopita, ambayo hayafanyiki tena, niko hapa kuyasikiliza. Akasema mkono mmoja hauwashi utambi. Nadhani ulikuwa utani. Bibi alicheka kwanza.

Sasa binti_chumbageni, hapa ndipo kiwewe chenyewe. Jina la ugonjwa huu, PTSD kwa kifupi cha Kiingereza, lilitiwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam, na ili uuite hivyo dalili ziwe zimepita mwezi mmoja. Kabla ya mwezi mtu kushtukashtuka ni mwili unafanya kazi yake. Kwa hiyo msikimbilie watu siku ya ajali na kuwalazimisha wasimulie kila kitu kwa mkao mmoja. Hilo limechunguzwa, halizuii ugonjwa, na wengine linawazidishia. Siku ya ajali mpe maji, mpe simu apige kwao, mtafutie nguo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2011, kiini chake ni tazama, sikiliza, unganisha.

Kijana huyu ilikuwa imepita miaka miwili. Nilitumia tiba ya simulizi, inayofupishwa NET, iliyotungwa na watu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na kujaribiwa mapema kwenye kambi za wakimbizi Uganda. Unatandika kamba sakafuni, ndiyo maisha yako, kuanzia kuzaliwa. Maua ni siku njema, mawe ni siku mbaya. Kamba nilinunua sokoni, ya katani, ingekuwa aibu Tanga kutumia ya plastiki. Maua asmini za uani kwangu. Mawe akaambiwa alete mwenyewe, na kwa kuwa pwani haendi akaleta ya barabarani.

Aliweka ua siku baba yake aliposhinda mashindano ya ngalawa. Ua jingine, siku alipozaliwa mdogo wake. Jiwe, kufa kwa mama yao. Halafu akachukua jiwe kubwa kuliko yote, akalishika, hakuliweka. Kikao kizima. Dakika 90 kijana ana jiwe mapajani. Yule Asmini wa zamani angeshasema methali nne.

Vikao vilivyofuata tunasimulia kwa mpangilio wa miaka, yeye anasema, mimi naandika, kikao kinachofuata namsomea anasahihisha. Wale wa Konstanz wanasema kuna kumbukumbu ya moto na kumbukumbu ya baridi. Ya moto ni mlio, harufu, maji ya vuguvugu mguuni. Ya baridi ni lini na wapi, kabla ya nini, baada ya nini. Kiwewe ni moto bila baridi, ndiyo maana chupa ikipasuka darasani mwili unadhani ni ileile Jumanne. Kazi ni kuurudisha moto ule kwenye tarehe yake, taratibu, mtu akiwa anajua kwamba sasa hivi amekaa kwenye jamvi na nje kuna mbuzi.

Kikao cha sita akasema alichokuwa amekificha hata kwa nafsi yake. Chupa yenye utambi ilipita mkononi mwake. Alichelewa kumpa baba. Yeye ndiye aliyekula mkono wa baba yake.

Mnaona sasa pale nilipokuwa nasema mwamsheni usiku akojoe?

Kwa ruhusa yake, simulizi lote nilikuja kulisoma mbele ya baba na bibi. Baba alisikiliza mpaka pale kwenye chupa, akaninyooshea kile kigutu ninyamaze. Akamwambia mwanawe, "Hukuchelewa. Mimi niliishika nikawa nawaangalia samaki." Kisha akatoka nje. Safari hii kijana akamfuata.

Kitanda kilikauka baada ya wiki kadhaa, siyo moja kwa moja. Pwani anakwenda, baharini hapana, na sioni kwa nini aende.

#8 Mzee wa Mkonge

Nimesoma mara mbili. Endelea mwanangu.

#9 mpitanjia_Raskazone

Mimi swali langu ni majini. Huku kwetu mambo hayo ya kuruka na kushtuka ni pepo, na masheikh wanayatoa. Wewe unaamini?

#10 binti_chumbageni

Dada nimelia. Swali: inalipa? Na wewe mwenyewe unabaki mzima?

#11 Asmini wa Makorora

Mpitanjia, sijawahi kumwambia mtu jini lake halipo. Nikimwambia hivyo ataondoka nalo. Namuuliza lilianza kuja lini, linakuja nani akiwepo, linataka nini ambacho mwenyewe hawezi kukiomba. Mama mmoja jini lake lilitaka alale chumba peke yake. Nikasema hilo ni jini lenye akili. Kuna sheikh mmoja huku Ngamiani akisoma akaona hali haishuki ananiletea, na mimi nikiona mtu anahitaji dua zaidi ya maneno yangu namrudishia. Ninaogombana nao ni wale wanaofunga watu minyororo na kuchapa. Na wanaohitaji dawa wanahitaji dawa, hapo natuma hospitali, sichezi.

Tatizo kubwa la mkoa huu siyo majini, ni Lutindi. Ukimwambia mtu afya ya akili anaiona Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili milimani kule Korogwe, anasema mimi si chizi. Wachache wanajua ile ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, wagonjwa wa akili wakaja baadaye. Huwa nawafikiria wale watoto. Wametolewa kwenye misafara, wamepelekwa kwenye baridi ya Usambara, na jina la walichonacho litatungwa miaka zaidi ya 80 mbele.

Inalipa? Mwanangu, mjini wenye nacho nawatoza elfu 30 kwa kikao, wanaomba risiti na punguzo. Muheza nimelipwa machungwa. Kuna mwezi niliyauza stendi. Mshahara wangu wa kweli unatoka kwenye mradi wa shirika, na mradi una tarehe ya kufa. Ukitaka fedha soma famasi.

Ukiwa na nia, shahada yako ya kwanza haitoshi kugusa kiwewe. Nenda uzamili, halafu mafunzo ya tiba moja uijue vizuri, usikusanye vyeti vya semina za siku tatu. Hilo nasema kwa uchungu. Kuna shirika moja lilinipa watu 60 kuwafundisha "kutibu kiwewe" kwa siku mbili na posho, nikakubali, nilikuwa na ada za watoto. Sijui wale 60 wamefungua majeraha ya nani.

Na bado si lazima kila mtu awe na digrii. Moshi, na Bungoma kule Kenya, watu wa kawaida wasio wataalamu walifundishwa vizuri na kusimamiwa kila mara, wakatibu watoto yatima wenye kiwewe. Watoto 640, matokeo yakatoka 2020. Hayakuwa sawa kila mahali, na Kenya nafuu ilidumu kuliko kwetu. Lakini ilionekana inawezekana. Neno kubwa pale ni "kusimamiwa". Siku mbili na posho haimo.

Kubaki mzima: hapana, sikubaki. Mwaka wa tatu wa kazi hii niliacha kula samaki. Sikuwa nimeona uhusiano mpaka mume wangu alipouliza, hivi wewe una mimba? Msimamizi alinituma nami nikatibiwe. Nilikaa kwenye kile kiti cha mgonjwa, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpa mtabibu wangu ushauri juu ya mpangilio wa ofisi yake.

Samaki nakula sasa. Changu wa kupaka, ikiwezekana.

Aliyeniandikia faragha kuhusu mtoto wa jirani: usisubiri nijibu. Piga 116, bure, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, leo.

#12 Kange Stendi

Dada umemaliza, ila kitu kimoja. Ile kamba mkaifanya nini?

#13 Asmini wa Makorora

Kwa kawaida tunaikunja, mtu anaondoka nayo akitaka. Kijana hakuitaka. Bibi ndiye aliyeiomba, akasema katani nzuri kama ile haitupwi. Nilipopita mwezi uliofuata nikaikuta kisimani, imefungiwa ndoo. Nilimnunulia mteja mwingine kamba mpya, nayo imepanda bei.